Kumbukizi ni nini, na kwa nini tarehe moja hubeba mengi

Kumbukizi ni siku inayorudi kila mwaka na tukio lake: mtu alizaliwa, mtu alifariki, bendera ilipandishwa. Isichanganywe na kumbukumbu, ambayo ni kile kilichobaki akilini au katika maandishi, wala na maadhimisho, yaani shughuli zenyewe, hotuba na mashada ya maua. Waislamu wana hauli, kisomo cha kila mwaka cha kumkumbuka marehemu, hasa mwanachuoni. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwaka.

Siku za mwaka ni 365 na matukio hayahesabiki, kwa hiyo tarehe hugongana. Wanafunzi 23 wakiwa darasa moja, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshapita nusu. Charles Darwin na Abraham Lincoln walizaliwa 12 Februari 1809, mmoja Uingereza, mwingine Marekani, na hakuna siri ya kutafuta hapo. Hiyo ni sadfa.

Kuna migongano ambayo si ya kweli hata kidogo. Shakespeare na Cervantes husemwa walifariki siku moja, 23 Aprili 1616. Lakini Uingereza ilikuwa bado inafuata kalenda ya zamani na Hispania imeshahamia mpya, nazo zilipishana kwa siku 10.

Halafu kuna tarehe zilizokutanishwa kwa makusudi, na hizi ndizo zinazostahili kuulizwa: nani alichagua, na kwa nini? Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, ikawa jamhuri tarehe ile ile mwaka 1964. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, kwenye barabara ya Nairobi yenye jina lake, ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge katika gereza la Kamiti. Kwa familia iliyoomba miaka mingi kukabidhiwa mabaki yake, tarehe hiyo imebeba kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na kaburi.

Tarehe inayonigusa zaidi ni 7 Julai. Mwaka 1954 siku hiyo, TANU ilizaliwa Dar es Salaam, chama kilichowaunganisha watu wa Tanganyika kwa Kiswahili katika kudai uhuru. Kwa heshima hiyo UNESCO, mwaka 2021, iliifanya Siku ya Kiswahili Duniani. Lakini Nairobi tarehe hiyo ilikuwa na wenyewe tayari. Mwaka 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi. Waliwekwa kizuizini siku chache kabla, watu wakaenda hata hivyo, polisi wakawapiga kwa gesi ya machozi na risasi, na wapo waliokufa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa.

Wakenya huiita siku ile Saba Saba, siku ya saba ya mwezi wa saba, jina la Kiswahili lisilohitaji kamusi. Ndiyo maana sioni sababu ya sherehe ya lugha kuwafunika waliouawa. Mwalimu anayewaandalia wanafunzi mashairi ya siku hiyo hapa jijini, namwomba awataje na watu wa Kamukunji. Uwanja wenyewe hauko mbali na katikati ya jiji. Anaweza hata kuwapeleka.