Mafua yasiyoisha: namba ya damu peke yake haitambui aleji

Mwezi haupiti bila mtu kuingia kliniki yetu ya masikio, pua na koo hapa Tanga akiwa na karatasi ya maabara mkononi. Anaikunjua mezani: "Daktari, nimeambiwa aleji yangu iko juu sana." Kilichopimwa ni jumla ya IgE kwenye damu, na kweli namba ni kubwa. Ndipo namuuliza: mara ya mwisho ulikunywa dawa ya minyoo lini? Wengi hunyamaza.

IgE ni kingamwili waliyoitambua Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko mwaka 1966, wakiwa Denver, Marekani. Mwenye aleji huitengeneza dhidi ya vitu visivyo na ubaya wowote, kama vumbi la ndani. Lakini mwili huohuo huimwaga kwa wingi unapopigana na minyoo. Iosinofili, zile chembe nyeupe za damu zinazohusishwa na aleji, nazo huongezeka hivyohivyo. Mtu mwenye safura, kichocho au matende anaweza kuwa na vyote viwili juu na pua yake isiwe na aleji hata kidogo. Kwa pwani yetu, ambako matende na minyoo ya tumbo si maradhi ya kusimuliwa, jambo hili ni zito. Nimeona watu waliojinyima pweza, kamba na mayai kwa miaka kwa sababu ya namba hiyo moja, na mafua yakabaki palepale.

Aleji ya pua yenyewe hukaa kwenye utando wa pua. Humo mna seli masti, seli za kinga zilizobeba kemikali za kuleta muwasho, na juu yake IgE hujishikiza kama mtego uliotegwa, kila mtego na windo lake. Windo la kawaida huku kwetu ni kinyesi cha utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula magamba ya ngozi yetu na kupenda unyevunyevu. Magodoro ya pwani yanavifaa mno. Mtego ukifyatuka, histamini, mojawapo ya kemikali hizo, humwagika ndani ya dakika chache: chafya mfululizo, muwasho, kamasi jepesi kama maji. Halafu, baada ya saa 4 hadi 8, iosinofili huwa zimeshaitwa na utando unavimba. Mama aliyekung'uta matandiko asubuhi huziba pua alasiri, akaulaumu upepo wa bahari.

Kwa hiyo kipimo chenye maana ni kile cha IgE ya kitu mahususi, au cha kuchoma ngozi kidogo kwa tone la utitiri, mende au chavua na kusoma kivimbe baada ya dakika 15 hadi 20.

Wapo ambao vipimo hivyo vyote havionyeshi kitu, na bado wanateseka. Usiwaambie wanajisingizia. Kuna pua ambazo mishipa yake ya fahamu ni myepesi kushtuka: harufu ya udi, moshi wa mkaa, manukato, rangi mpya ya ukuta, hata ubaridi wa feni usiku. Hapo hakuna IgE. Mfanyakazi wa mkonge anayeshinda kwenye vumbi la singa anaweza kuwa hivyo pia. Kamasi lake likipimwa, mara nyingi huwa na nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zaidi ya iosinofili, dalili ya utando uliochokozwa. Dawa za aleji za kumeza humsaidia kidogo sana. Kinachomsaidia ni kukingwa na vumbi hilo.

Kati ya makundi hayo mawili lipo la tatu, linalosahaulika: kamasi limejaa iosinofili, pengine zaidi ya asilimia 20 ya chembe, ilhali vipimo vya ngozi na damu ni safi. Hawa hupata nafuu kubwa kwa dawa ya steroidi ya kupuliza puani, na wengi hawajawahi kuandikiwa.

Ndiyo maana nasisitiza kamasi lipimwe. Linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi ya Giemsa ileile ya kutafutia malaria, na kuhesabiwa kwa darubini. Zahanati nyingi zina vyote hivyo. Inanisikitisha kuona mgonjwa akichangisha fedha za kipimo cha damu cha bei ghali kabla hata ya mtu kumwangalia puani.

Ukija kliniki, tueleze pua inakusumbua saa ngapi, chumba gani, kazi gani. Kama utachomwa ngozi, tuulize mapema, kwa kuwa vidonge vya aleji inabidi viachwe takribani wiki moja kabla, la sivyo ngozi haitajibu. Na kichupa cha matone ya kuzibua pua ulichonunua duka la dawa, njoo nacho. Kikitumika zaidi ya siku 5 hivi mfululizo, chenyewe huanza kuziba pua, na huenda ndicho tutakachokiondoa kwanza.