Krimu ya makunyanzi inayofanya kazi kwa siku saba

Jumanne iliyopita mama mmoja wa miaka 52 alikaa mbele yangu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, na kabla sijauliza lolote akaweka mezani tyubu ya tretinoini, krimu ya makunyanzi niliyomwandikia wiki tatu nyuma.

"Hii haifanyi kazi, dokta. Nimepaka siku zile zile ulizonipangia, naona ngozi inababuka tu. Shoga yangu ana ya kwake, siku saba tu uso umelainika, haya ya pembeni ya macho yamepotea kabisa. Niandikie kama hiyo."

Akafungua mkoba akanitolea hiyo krimu ya shoga yake, aliyoazimwa ili anionyeshe. Kopo zuri, mfuniko wa rangi ya dhahabu, picha ya ua. Nikaligeuza. Chini kabisa, kwa herufi ambazo ilinibidi nivue miwani ndipo nizione, imeandikwa klobetasoli 0.05%.

Mwezi huu pekee yeye ni wa tano kuniletea hoja hiyo, nami nimeamua kuiandika mara moja ili nipate pa kumwelekeza wa sita. Watu wanaamini kwamba krimu nzuri ya makunyanzi utaijua kwa haraka yake. Ikikawia, feki. Ikikulainisha ndani ya wiki, ndiyo yenyewe. Ukweli ni kinyume chake, na kinyume hicho kinawagharimu watu nyuso zao.

Klobetasoli ni steroidi, dawa ya kuzima uvimbe na muwasho, tena ya daraja la juu kabisa kati ya zile za kupaka. Mimi mwenyewe naiandika karibu kila siku: kwa soriasisi (ugonjwa wa magamba ya ngozi), kwa pumu ya ngozi iliyokuwa sugu viganjani na kwenye nyayo, tena kwa wiki chache tu, kisha mgonjwa anapunguza. Usoni ni jambo jingine. Ukiipaka, mishipa midogo ya damu inabana na uso unapata ule weupe mnaouita kung'aa. Vipele na wekundu vinazimwa. Ngozi inatulia, inateleza mkononi. Kwa mtu anayejitazama kwenye kioo siku ya saba, hiyo ni krimu ya maajabu, na simlaumu kwa kuamini macho yake.

Kinachoendelea chini hakionekani kwenye kioo. Kinachoifanya ngozi isijikunje ni kolajeni, na steroidi inazizuia zile seli zinazoitengeneza. Kadiri miezi inavyopita, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Mishipa inajitokeza mashavuni, chunusi zinamwagika kidevuni, vinyweleo vinaota pasipostahili. Ukiacha, uso unawaka moto, kwa hiyo unarudi kupaka. Nimewaona wanawake wa miaka 35 wenye ngozi ya chini ya macho iliyosinyaa kuliko ya mama zao. Walikuwa wakipaka dawa ya makunyanzi, na dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiyatengeneza.

Huo ndio mkorogo uliobadilishiwa jina. Sheria yetu hairuhusu steroidi, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha weusi wa ngozi) wala zebaki kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Bado kopo lile lilinunuliwa dukani mchana kweupe.

Nirudi kwenye haraka, maana kuna haraka ya halali pia. Gliserini, asidi ya hialuroniki, hata vaselini ya kawaida, vinashika maji kwenye ngozi, na ngozi yenye maji inavimba kidogo, mistari midogo ya ukavu inajaa. Inachukua dakika, siyo siku. Ukinawa na kukauka, mistari imerudi. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ngozi kavu huonekana imezeeka kuliko ilivyo, na mara nyingi mtu anayelalamika makunyanzi akiwa na miaka 30 anahitaji kuacha sabuni kali na kupaka mafuta uso ukiwa bado na unyevu. Ila hapo hujaondoa kunyanzi. Umelinywesha maji.

Krimu za kolajeni nazipita haraka. Molekuli ya kolajeni ina uzito wa takriban dalton 300,000 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na ngozi isiyo na jeraha kwa kawaida haipitishi kitu kinachozidi 500 hivi. Inabaki juu, inalainisha kama mafuta mengine, unanawa inakwenda na maji.

Sasa ile iliyo kwenye tyubu ya mama yule. Tretinoini ilianza kama dawa ya chunusi, ikaidhinishwa Marekani 1971. Daktari Albert Kligman wa Pennsylvania, aliyekuwa akiitumia kwa wagonjwa wa chunusi, alisikia wanawake wa umri mkubwa kidogo wakimwambia kwamba ngozi imekuwa nyororo na mistari imepungua. Alifuatilia, na 1986 yeye na wenzake wakachapisha walichokiona. Mwaka 1988 madaktari wa Michigan wakaipima kwa wiki 16 dhidi ya krimu tupu isiyo na dawa, mgonjwa wala daktari asijue nani kapata ipi. Ikashinda. Mwaka 1995 Marekani wakaiidhinisha kwa makunyanzi madogo ya jua. Hakuna krimu nyingine ya makunyanzi yenye ushahidi mwingi kuliko hiyo. Retinoli ya madukani ni ndugu yake mdogo: ngozi inalazimika kuigeuza kwanza, kwa hiyo ni dhaifu zaidi na inakawia zaidi, lakini inafanya kazi pia.

Wiki 16. Na hapo ndipo watu wanaanza kuona. Mimi huwaambia miezi sita, kwa sababu kujenga kolajeni ni kazi ya seli zinazokwenda kwa mwendo wao. Wiki tatu za kwanza unachokiona ni kubabuka, na mama yangu yule alikuwa pale pale anapotakiwa kuwa.

Hapa kuna jambo linalonisumbua, na vitabu tulivyosomea havikutuambia. Majaribio yale ya mwanzo yalifanywa zaidi kwa Wazungu. Kwao kubabuka ni wekundu unaoisha. Kwetu ngozi ikikasirika inaacha alama nyeusi, na alama hizo hukaa muda mrefu kuliko makunyanzi yenyewe yalivyowahi kumkera mtu. Miaka ya mwanzo nilimwandikia mwalimu mmoja 0.05% kila usiku, kama kitabu kilivyosema. Wiki ya nne akarudi na mabaka mashavuni, na ilituchukua miezi kumi kuyafifisha. Alikuja kwa mistari miwili pembeni ya mdomo. Sijamsahau.

Tangu hapo naanza na 0.025%, usiku wa Jumatatu na Alhamisi tu, kiasi cha punje moja ya kunde kwa uso mzima, uso ukiwa umekauka, mafuta ya kulainisha yakitangulia na mengine yakifuata juu. Baada ya mwezi, ikiwa ngozi imetulia, tunaongeza siku. Je, nikienda polepole hivi napunguza matokeo? Huenda. Natibu kwa nilichokiona mezani kwangu zaidi ya nilichokisoma, na kati ya kuchelewa miezi miwili na kumtia mtu mabaka, nachagua kuchelewa. Mjamzito au anayetafuta mimba asiiguse kabisa.

Na jua. Naona mnavyochoka nikianza jua, lakini bila hilo tyubu ile ni kuteka maji kwa pakacha. Kule Queensland, Australia, watafiti waliwafuatilia watu wazima 903 wa chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Waliopaka krimu ya kukinga jua kila siku walizeeka ngozi kwa asilimia 24 pungufu ya waliopaka wanapotaka wenyewe. Mafuta ya kupaka tu.

"Lakini sisi weusi tuna kinga." Tunayo. Melanini yetu, ile rangi ya ngozi, inafanya kazi ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 13 hivi, ya mzungu kama 3, na ndiyo sababu makunyanzi yanatukawilia miaka mingi. Kumi na tatu siyo mia, hasa kwa mtu anayeshinda kwenye jua la Dar. Tena miale inayokunja ngozi inapenya kioo. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la tiba Marekani lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori miaka 28: upande wa kushoto wa uso, uliokuwa dirishani, ni wa mtu mzee kuliko upande wa kulia. Kwetu usukani uko kulia. Siku ukikaa siti ya mbele kwenye daladala na dereva ni mtu mzima, msubiri ageuke upande wako, linganisha shavu lake la kulia na la kushoto. Mimi nimeshaona hiyo tofauti kwa wagonjwa wangu madereva, kwenye ngozi nyeusi kabisa.

Tatizo la krimu nyingi za jua ni kwamba zinatuacha na uso wa majivu, na sitamlaumu mtu aliyezitupa. Tafuta yenye rangi ya kahawia: rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, ambayo inazuia pia mwanga wa kawaida unaochochea mabaka. Zinapatikana, ila zina bei, na kwa wengi bei hiyo ni mlo. Asiyeweza, kofia pana na mtandio ni kinga ya kweli, siyo ya kubahatisha.

Mama yule nilimpiga picha dirishani kwangu siku ya kwanza kabisa, saa nne asubuhi, bila poda. Nafanya hivyo kwa kila anayeanza, kwa sababu hakuna anayekumbuka uso wake wa miezi mitano iliyopita. Nikamfungulia picha za mgonjwa mwingine aliyekubali zionyeshwe: mwezi wa kwanza, mwezi wa sita, dirisha lile lile. Akavaa miwani yake. Akasogeza simu karibu, akapima kwa ukucha mistari ya pembeni ya jicho, ya kwanza ikifika kwenye nywele, ya pili ikiishia katikati.

"Na hii ya kati ya nyusi mbona iko vile vile?"

Nikamwambia hiyo ni ya misuli, imechimba ndani, hakuna krimu itakayoiondoa, yangu wala ya shoga yake. Alikaa kimya akaitazama tena. Kisha akarudisha tyubu mkobani, kopo la shoga yake akaniachia mezani, akaniuliza kama shoga yake anaweza kuja Alhamisi.