Saizi pekee haitoshi: namna ya kuchagua matairi mapya ya pikapu ya mizigo

Malalamiko ya aina moja yamekuwa yakiongezeka kwenye dawati letu la ukaguzi. Mwenye pikapu ananunua matairi manne mapya, saizi ileile aliyokuwa nayo, halafu gari linaandikiwa kwamba halikufaulu. Anakuja juu, na tunamwelewa: ametumia fedha nyingi, na muuzaji alimhakikishia kuwa saizi ni hiyohiyo. Kweli ni hiyohiyo. Kilichobadilika ni uzito ambao tairi limeruhusiwa kubeba, na huo ndio tunaoukagua.

Chukua tairi lenye maandishi LT265/75R16 123/120Q. LT ni alama ya tairi la pikapu na magari mepesi ya mizigo. Sitakaa kwenye 265, 75 na 16, hizo kila mwenye gari anazifahamu. Twende kwenye 123/120. Hizi ni namba za uzito, na kila namba ina kilo zake kwenye jedwali la kimataifa: 123 ni kilo 1,550 na 120 ni kilo 1,400. Ya kwanza inahusu tairi lililofungwa peke yake kila upande wa ekseli. Ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawili mawili, kwa sababu mapacha hawagawani mzigo sawasawa, na joto lao halitoki kirahisi. Q ni mwendo wa juu, kilomita 160 kwa saa.

Sasa katika duka hilohilo unaweza kukuta LT265/75R16 lingine lenye 112/109. Yasimamishe yote mawili ukutani: upana mmoja, kimo kimoja, yanaingia rimu moja. Lakini hili la pili linabeba kilo 1,120 tu. Ni pungufu kwa kilo 430 kwa kila tairi, yaani kilo 860 kwa ekseli nzima. Tofauti yote imeandikwa kwa tarakimu ndogo ubavuni, na wengi wanaondoka dukani bila kuinama kuzisoma.

Utajuaje unachohitaji? Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo au ukingo wa mlango kuna kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa gari zima, uzito wa juu wa ekseli ya mbele na wa ekseli ya nyuma, pamoja na upepo unaotakiwa. Tafadhali usichukue uzito wa gari zima ukaugawa kwa nne. Hesabu hiyo tunaletewa mara kwa mara na si sahihi, maana pikapu ikipakiwa, sehemu kubwa ya mzigo inalala nyuma. Chukua ekseli ya nyuma, gawa kwa mbili. Kibandiko kikisema kilo 2,800, kila tairi la nyuma linatakiwa kubeba angalau kilo 1,400, kwa hiyo namba isipungue 120. Ukifunga ya 123 unapata kilo 3,100 na una nafasi ya kupumua. Ukifunga ya 112 unapata kilo 2,240, na umepungukiwa kilo 560 kabla hata hujapakia.

Kufunga tairi lenye uwezo unaozidi kiwango cha kibandiko kunaruhusiwa. Kushuka chini yake hakuruhusiwi, hata kama "huwa sibebi mizigo mizito". Mkaguzi hawezi kukagua ahadi.

Suala la plai, yaani safu za nyuzi ndani ya tairi, nalo linahitaji kunyooshwa. Wateja wengi bado wanaagiza "plai 8" au "plai 10". Lugha hiyo inaeleweka, na inaendana na herufi za daraja la mzigo: C ni plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Ila tairi la leo la radiali halina safu kumi za nyuzi. Ubavuni linaweza kuwa na safu mbili tu za nyuzi imara, na chini ya kashata, ile sehemu inayokanyaga barabara, mikanda ya chuma. Plai 10 ni kipimo cha nguvu kilichorithiwa kutoka enzi za nyuzi za pamba. Mtu aliyepasua tairi akahesabu safu mbili hajaibiwa, na hana sababu ya kumfungulia muuzaji malalamiko. Angalia pia herufi C isikuchanganye. Ikisimama mwishoni mwa saizi, kama 195R15C, inamaanisha tairi la gari la biashara kwa mtindo wa Ulaya. Si daraja C la plai 6. Hapo tegemea namba za uzito, hizo hazina utata.

Wapo pia wanaofunga matairi ya gari dogo kwa sababu yanakwenda laini. 265/75R16 lisilo na LT, lenye namba 116, linaonekana kubeba kilo 1,250. Kanuni za Marekani zinataka uwezo wa tairi la gari dogo ugawanywe kwa 1.10 linapofungwa kwenye gari la mizigo, kwa sababu kazi ya gari hilo ni nzito zaidi. Kilo 1,250 zinabaki takriban 1,136. Kwa ekseli yetu ya kilo 2,800, halifai.

Jambo ninaloomba lisomwe kwa utulivu ni upepo. Namba ya uzito ni ahadi yenye sharti: tairi liwe limejazwa upepo wake kamili. Kwa matairi ya LT, kwa kawaida daraja C hufikia uwezo wake kwa psi 50 (psi ni kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba), D kwa psi 65 na E kwa psi 80. LT265/75R16 la daraja E ukilijaza psi 50, linabeba kilo 1,120, sawasawa na la daraja C. Umelipia kilo 1,550 na hukuzipata. Na shida haiishii hapo. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo linajikunja ubavuni kila linapozunguka, kujikunja kunazaa joto, na joto linaachanisha mpira na mikanda ya chuma. Ndipo kashata inapobanduka barabarani gari likiwa kwenye mwendo. Dereva husema tairi lilikuwa bovu tangu dukani. Mara nyingi tunapolichunguza tunakuta alama za kuungua kwa ndani ubavuni, ushahidi wa kukimbizwa na upepo pungufu.

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Ukikuta umepanda baada ya safari, usiupunguze, huo ni joto. Gari likiwa tupu, fuata kibandiko. Kuzidisha upepo kupita ukomo ulioandikwa ubavuni hakuongezi kilo hata moja.

Ukihamia daraja E, mwambie fundi akague vitu viwili ambavyo vinasahaulika. Rimu ina ukomo wake wa uzito na upepo, mara nyingi umegongwa kwa ndani; uwezo wa gurudumu ni ule mdogo kati ya rimu na tairi. Cha pili ni valvu. Valvu za kawaida za mpira, zile za kuvutwa kwenye tundu, nyingi zina ukomo wa psi 65. Kwa psi 80 funga za chuma zenye nati, au zile zilizotengenezwa mahususi kwa upepo mkubwa.

Kuongeza majani ya springi hakubadilishi kibandiko. Nalisema waziwazi kwa sababu hoja hii inarudi kila siku. Springi nene zinainua nyuma ya gari lisionekane limelemewa; ekseli, beringi, breki na matairi vinabaki na ukomo uleule. Kadhalika kufunga tairi lenye namba kubwa zaidi ya uzito hakukupi ruhusa ya kupakia zaidi ya kibandiko.

Wanaovuta tela wakumbuke kwamba tela la kawaida hukandamiza ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Tela la kilo 3,000 linaweka kilo 300 hadi 450 nyuma ya pikapu, na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, ekseli inabeba zaidi ya hizo. Ziingize kwenye hesabu.

Kuhusu matairi ya mtumba: tafuta tarakimu nne za mwisho katika mfuatano unaoanza na DOT. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Watengenezaji kadhaa wanataka tairi liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata bado ni ndefu.

Sasa utaratibu wetu, ili usije ukashangaa. Mkaguzi huanza na kibandiko, si na tairi. Husoma namba za uzito na mwendo za kila tairi, pamoja na la akiba. Matairi ya ekseli moja yakitofautiana, hesabu hufanywa kwa lile lenye namba ndogo, na tofauti yenyewe huandikwa kuwa kasoro. Kwa pikapu inayovuta magurudumu yote manne, matairi ya mbele na nyuma yakitofautiana kimo huandikwa pia, kwa kuwa yanaumiza gia za kugawa nguvu. Kisha hupima kina cha kashata. Nchi nyingi zimeweka kiwango cha chini cha milimita 1.6. Hutafuta nundu, mipasuko na nyuzi zilizojitokeza, halafu hupima upepo.

Namba ya uzito ikiwa chini ya hitaji la ekseli, gari halipati cheti. Hatuna daraja la "karibu ifike". Unapewa fomu yenye kasoro na muda wa kurekebisha. Nyuzi zikiwa nje au kukiwa na nundu, gari haliondoki kwa matairi hayo. Gari likikutwa barabarani limezidisha uzito wa ekseli, linaweza kuzuiwa hadi mzigo ushushwe, na gharama ni za mwenye gari. Kiasi cha faini hutegemea sheria ya nchi husika. Kuhusu bima, hatuwezi kusema dai litakubaliwa au litakataliwa, ila taarifa ya ukaguzi baada ya ajali hutaja namba za matairi, na bima huisoma.

Ukija kukaguliwa tena, leta fomu ileile na uje na matairi yenye upepo kamili. Kibandiko kiwe safi kisomeke. Kama kimebanduka au kimepakwa rangi, leta kitabu cha gari au barua ya mtengenezaji yenye namba ya chesisi. Risiti au maelezo ya muuzaji wa matairi hayapokelewi badala yake, hata yakiwa na mhuri.