Mtaro wa Mbele ya Nyumba Yako Unaishia Wapi?

Mvua ya kwanza ya masika ndiyo chafu kuliko zote. Muda wote wa kaskazi barabara na nyua za mjini zimekusanya oili ya magari na vespa, vumbi, kinyesi cha kuku na mbuzi, vifuko na chupa. Mvua ikishuka, vyote huoshwa kwa dakika chache vikaingia mtaroni.

Wengi tunadhani mtaro hupeleka maji mahali pa kusafishwa. Sivyo. Mtaro wa mvua hupeleka maji kama yalivyo, baharini au bondeni. Na hapa Unguja bonde si mwisho wa safari. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Udongo mzito huyachuja maji taratibu, lakini jiwe hili huyapitisha tu, na maji tunayokunywa kwa kiasi kikubwa tunayatoa humo humo ardhini.

Ndiyo maana linaloniumiza zaidi ni la makaro, yale mashimo ya maji machafu ya vyooni. Karo likijaa, wapo wanaosubiri mvua kubwa walifungulie mtaroni, wakiamini maji mengi yatabeba kila kitu. Yanabeba kweli, mpaka mlangoni kwa jirani anayekaa bonde, mpaka kwenye kisima ambacho watoto wake wanachota. Kipindupindu husafiri kwa njia hiyo hiyo: kinyesi cha mgonjwa kikiingia katika maji ya kunywa. Karo linyonywe na gari wakati wa kiangazi, kabla halijajaa. Najua gharama yake ni nzito kwa nyumba nyingi, lakini nyumba mbili tatu za jirani zikiafikiana kuita gari siku moja, huenda mzigo ukapungua.

Tusisahau pia wingi wa maji yenyewe. Paa la mita 10 kwa 10 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000. Zamani maji hayo yalizama uani, chini ya mwembe. Siku hizi ua mzima tunausakafia kwa saruji, yote yakakimbilia njiani. Acha japo ukanda wa udongo wenye majani. Funga mfereji wa bati na tangi. Mvua ya mwanzo iache ipite ioshe paa, kisha kinga. Maji hayo yanafaa kufulia na kumwagilia.

Mafundi wa gereji waikusanye oili chafu kwenye galoni. Nepi za watoto zisitupwe mtaroni kabisa. Ndizo tunazozikuta zimeziba makalvati.

Na shehia inapofanya usafi wa mitaro, mchanga unaochotwa uondolewe siku hiyo hiyo. Ukiachwa ukingoni, mvua ya usiku huurudisha wote ndani.