Wanaolala Nje Nairobi: Yanayosemwa na Yaliyopo

Ukipita mzunguko wa Globe alfajiri, kabla matatu hazijajaa barabarani, utawakuta wakikunja magunia na maboksi waliyolalia. Saa moja baadaye wametawanyika. Huyu anasaka vyuma kuukuu, yule anaokota chupa za plastiki za kuuza kwa kilo, mama ameketi na mtoto kando ya benki. Jiji lina maneno mengi juu ya watu hawa, na mengi hayana mashiko. Yananiuma kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayofika bunge la kaunti, City Hall, na kugeuka bajeti, au kukosa kuwa bajeti.

"Ni wengi mno, hakuna jiji linaloweza kuwamudu"

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima: wa kiume 33,768 na wa kike 12,871. Nairobi ilikuwa na 15,337. Sensa ya watu ya 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073 jijini, kwa hiyo tunazungumzia chini ya watu 4 katika kila 1,000. Wote wangeingia katika uwanja wa Nyayo na viti vibaki. Tunawaona wengi kwa kuwa wanaishi pale tunapopita, hawana mlango wa kufunga.

"Ni watoto watoro tu"

Neno chokoraa, la kuchokora mapipa, limetufanya tuwaze mvulana mwenye chupa ya gundi. Sensa yenyewe haikuitwa ya watoto, iliitwa ya familia. Wapo walioingia mitaani wakiwa wadogo, wakakua, wakazaa huko, na sasa watoto wao ni wazazi.

Hapa ndipo penye fundo ambalo wengi hawalioni. Mtoto aliyezaliwa chini ya daraja mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Akitimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, ataulizwa cheti au kipande cha mzazi, na chifu wa kumtambua. Chifu wa wapi? Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa, hata akipata kibarua halali hana pa kulipwa. Na hawezi kujiandikisha kupiga kura. Mtoto angalau ana Sheria ya Watoto ya 2022 nyuma yake, pamoja na kifungu cha 53 cha Katiba kinachompa haki ya makao. Siku anapogeuka mtu mzima, anakuwa mtu ambaye hakuna mwakilishi wa wadi anayemhitaji.

"Ushuru wa nyumba utawatoa mitaani"

Hii naisikia kutoka kwa watu wema kabisa, wanaokatwa asilimia 1.5 ya mshahara wao kila mwezi, huku mwajiri akiongeza asilimia 1.5 nyingine, na wanaoamini kwamba angalau pesa hizo zitamfikia anayelala nje. Ushuru huo ulianza na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaupinga Novemba mwaka huo, ukarudi kupitia Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024.

Sheria hiyo inayo daraja la nyumba za kijamii, kwa mtu anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni jambo zuri. Mei 2025 Rais Ruto alikabidhi nyumba 1,080 huko Mukuru, na chumba kidogo kabisa kililipiwa takriban shilingi 3,900 kwa mwezi. Kwa mama aliyekuwa akilipa kodi ya banda la mabati lisilo na choo, huo ni ukombozi, na sitaki kuudharau.

Lakini tazama njia ya kufika huko. Unajisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, kwa nambari ya kitambulisho, unaweka akiba, unalipa kila mwezi kwa miaka mingi. Kila hatua inamtaka mtu awe tayari na kile ambacho mtaa umemnyima. Mpango huu ni ngazi, na kipago chake cha kwanza kiko juu ya kichwa cha anayelala nje.

Tena tunapojenga, tunabomoa. Julai 2018 maelfu walibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Mukuru kwa Njenga. Mei 2024, baada ya mafuriko, ikawa kandokando ya mito, Mathare na kwingineko, watu wakiahidiwa shilingi 10,000 kwa kila kaya. Si kila aliyebomolewa hulala nje. Wengi huhamia kwa ndugu au hupanga banda jingine. Ila asiye na ndugu mwenye nafasi hujikuta nje, na jina lake halimo katika orodha yoyote ya fidia.

"Wakiondolewa katikati ya jiji, tatizo limekwisha"

Tumejaribu. Mwaka 2003 serikali mpya ya NARC, Karisa Maitha akiwa Waziri wa Serikali za Mitaa, iliwakusanya watu wa mitaani kwa wingi. Kulikuwa na jambo la maana ndani yake: Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani ilianzishwa mwaka huo, na vijana kadhaa wakapelekwa NYS, huduma ya vijana kwa taifa, kujifunza ufundi. Miaka 15 baadaye sensa ikawakuta 15,337 Nairobi. Mkusanyo ulifanyika mara moja, ilhali mabomba yanayowamwaga watu mitaani hayakufungwa hata siku moja.

Ubaya wa njia hii ulionekana wazi Februari 2019, pale watoto na vijana wa mitaani wa Nakuru waliposombwa usiku na kuachwa karibu na msitu wa Chemususu, Kaunti ya Baringo, kwenye baridi kali. Mji ulikuwa safi asubuhi. Sijui neno jingine la kuita kitendo hicho isipokuwa ukatili.

"Kwanza waache gundi, ndipo wasaidiwe"

Gundi hunuswa ili njaa na baridi zisisikike. Kumwambia mtu aiache angali kwenye njaa na baridi ile ile ni kumdai kisichowezekana. Finland ilianza upande wa pili: tangu 2008 imekuwa ikimpa mtu nyumba ya kupanga kwanza, kisha matibabu na msaada vikifuata. Wasio na makao walikuwa takriban 8,000 mwaka huo, wakashuka chini ya 4,000 kufikia 2022. Ni kweli Finland ina nyumba za manispaa ambazo sisi hatuna. Mpangilio wa hatua, hata hivyo, hauhitaji utajiri.

"Pesa zao zililiwa na Expressway"

Hili husemwa na upande wangu, na si sahihi. Barabara ile ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, ilijengwa kwa pesa za kampuni ya Kichina itakayojirudishia kwa ada za magari katika mkataba wa miaka 27. Hazikutoka katika bajeti ya kaunti. Tukitaka kuuliza, tuulize panapostahili: bajeti ya Kaunti ya Nairobi imezidi shilingi bilioni 40 kwa mwaka, na humo familia za mitaani zina fungu gani?

"Si kazi ya kaunti"

Hazina ya familia za mitaani iko chini ya serikali kuu. Nyumba na vituo vya kulelea watoto, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni za kaunti. Kila upande una nusu ya jibu na kisingizio kizima.

Nami kisingizio hicho sikikubali, kwa sababu ya chakula. Elimu ya msingi ni jukumu la serikali kuu, lakini Gavana Sakaja alipotaka, mpango wa chakula shuleni, Dishi na County, ulianza mwaka 2023, jikoni kubwa zikajengwa na mwanafunzi akapata chakula cha mchana kwa shilingi 5. Majukumu yalipatiwa njia kwa kuwa palikuwa na nia. Tena wazazi wa wanafunzi hao wanapiga kura. Mtoto wa Globe haingii shuleni, kwa hiyo sahani ile haimfikii.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Katiba haimtaki mtu awe na kitambulisho ili aseme. Lakini karatasi ya mahudhurio inayozungushwa ukumbini kwa kawaida ina safu ya jina, ya simu, na ya nambari ya kitambulisho.