Kaunta inafuata jua? Acha kristali kwanza, angalia saplai ya oveni

Kuna mzee ana kibanda cha kutengeneza redio za boti pale Kirumba, Mwanza, juzi kaniletea kaunta ya frikwensi (kipimo kinachohesabu redio inatoa mawimbi mangapi kwa sekunde) kaifunga kwenye kitenge, mashine ya miaka ya 80 hivi, nzito kama jiwe la kusagia. "Fundi, kristali imekufa hii, niagizie nyingine." Kristali ni kale kajiwe kanakotetema kwa mwendo uleule, ndiko kaunta inakotumia kama saa yake ya kuhesabia. Nikamuuliza mzee wangu umejuaje? Akasema redio ileile, chaneli 16 ya boti ambayo ni megahezi 156.8, asubuhi kaunta inasoma kitu, mchana bati likishachemka inasoma kingine, usiku inarudi palepale pa asubuhi.

Sasa hapo ndo pakanishtua, kwa sababu kristali iliyokufa haitembei na jua, imekufa tu. Hizi kaunta za kazi ya uhakika kristali yake inakaa ndani ya kikopo kinachopashwa moto muda wote, nyuzi 80 hivi, tunaita oveni, na lengo ni moja tu, nje kuwe na baridi ya ziwa au joto la Januari kristali isijue. Kwa hiyo kaunta ikianza kufuata hali ya hewa maana yake oveni haipati moto, na mara nyingi haipati moto kwa sababu haipati umeme wa kutosha. Na usidhani ni kosa dogo, kwenye chaneli 16 kupotea sehemu moja tu kwa milioni ni hezi 157.

Nikaweka ampea mita kwenye waya wa hita. Oveni isiyo na hitilafu ikiwa baridi inavuta sana, halafu baada ya dakika kumi kumi na tano ikishapata moto mkondo unashuka hadi robo au hata moja ya tano. Hii ya mzee saa zima limepita na mkondo uko vilevile, inavuta inavuta, haifiki. Basi hita haijakatika maana inavuta, kristali sina sababu ya kuigusa, tatizo liko nyuma kwenye saplai, ile sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa DC ya kulisha oveni.

Jambo ambalo wengi hawalijui, kile kitufe cha kuzima pale mbele kwenye mashine nyingi za aina hii hakizimi kila kitu. Kinazima namba na bodi za kuhesabia, lakini oveni inabaki inakula umeme mradi plagi iko ukutani, ndivyo ilivyotengenezwa makusudi. Sasa hesabu, upande mmoja wa saplai umefanya kazi saa chache kwa siku, upande wa oveni umekesha usiku na mchana miaka thelathini na zaidi. Unafikiri upi utachoka kwanza? Mimi siku hizi nikifungua mashine yoyote ya zamani yenye oveni naenda moja kwa moja upande usiolala.

Oskiloskopu yangu ilikuwa na mgonjwa mwingine nikatumia multimita ya kawaida, na inatosha kabisa. Kwanza weka DC kwenye kapasita kubwa, ile inayolainisha umeme wa saplai, inatakiwa volti 26, nikapata 17. Halafu badilisha weka AC palepale, bila kuhama, uone mawimbi yaliyobaki juu ya DC. Yalikuwa mengi mno. Halafu, hiki ndo kitu nakipenda, kama mita yako inapima hezi ibonyeze hapohapo. Umeme wetu ni hezi 50, briji (zile daiodi nne zinazogeuza AC kuwa DC) ikiwa haina hitilafu mawimbi yanatakiwa yawe 100 kwa sababu inatumia pande zote mbili za wimbi. Ukisoma 100 na mawimbi ni makubwa, mshuku kapasita. Ukisoma 50, nusu ya briji haifanyi kazi. Mimi nikasoma 50.

Nikageuza bodi chini ya taa, nikainama nayo hadi nikaona: mguu wa daiodi moja, risasi ya kulehemu imepasuka kaduara kembamba kama unywele kuuzunguka mguu wote. Ukiisukuma kwa kijiti volti zinaruka. Daiodi yenyewe haina shida, ni ule moto wa miaka mingi, inapanuka inasinyaa, na umeme ukikatika na kurudi oveni inaanza baridi upya kila mara na kuvuta mkondo wote.

Na kapasita nayo, sikuiacha. Imeandikwa mikrofaradi 2200, nikapima nikapata 640. Nusu ampea ya oveni baridi kwenye 2200 inakupa mawimbi ya volti mbili na kitu, kwenye 640 inakaribia nane. Weka mpya inayovumilia joto la nyuzi 105, sio 85, volti sawa au zaidi. Na pima kabla hujalehemu, kuna kapasita za mjini humu ukizichana ndani unakuta kakapasita kadogo kamevalishwa koti kubwa. Ile ya zamani itoe chaji kwa rezista, bisibisi waachie wenye haraka.

Feni nayo ilikuwa imejaa wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, wamekauka wakawa unga mweusi. Nimepiga brashi. Kila joto likipanda kwa nyuzi 10 maisha ya kapasita yanapungua kwa nusu, kwa hiyo wadudu nao wamo kwenye kesi.

Baada ya hapo DC 26, mawimbi chini ya nusu volti oveni ikiwa moto, na mkondo ulishuka dakika ya kumi na mbili. Nikaiacha siku tatu bila kuzima ndo nikailinganisha na megahezi 10 inayosahihishwa na setilaiti za GPS, nikasogeza skrubu ya kurekebisha kristali kidogo sana.

Mzee sasa anataka umeme ukikatika oveni isipoe. Hita za oveni za namna hii nyingi zinakubali volti 20 hadi 30, kwa hiyo namfungia betri mbili za sola mfululizo. Daiodi ya ampea 3 kuzuia betri isirudishe umeme kwenye saplai, na fyuzi karibu kabisa na betri, maana betri ya sola ikipiga shoti haina mchezo.