Je, wajua kwa nini maiki ndefu hung'ara ufukweni na kuharibu sauti ndani ya nyumba ya mawe?

Wapiga video wa Bagamoyo wakishika fedha kidogo baada ya msimu wa harusi, wengi huulizia maiki ndefu ya bomba, ile ya shotigani, ili mahojiano yao yasikike vizuri. Inaaminika kwamba inavuta sauti ya mbali. Haivuti. Kazi yake ni kupunguza kelele za ubavuni, na ni vizuri kujua inafanyaje kabla ya kutoa hela.

Iangalie kwa karibu. Bomba lina matundu membamba yaliyopangwa ubavuni, na kapsuli inayopokea sauti imekaa ndani, mwisho wa bomba. Mzee akizungumza mbele yake, sauti inasafiri nje na ndani ya bomba kwa mwendo uleule, kwa hiyo hata ikipenya tundu lipi, yote inafika kwenye kapsuli kwa pamoja na kupeana nguvu. Bodaboda ikipita kando, mambo hubadilika. Sauti yake inaingia matundu yote kwa mkupuo, lakini iliyoingia tundu la mbele ina safari ndefu kuliko iliyoingia la nyuma. Zinafika zimepishana: wimbi moja likipanda, jingine linashuka, na zinafutana.

Hapo ndipo urefu wa bomba unapokuwa na maana. Kwenye joto la pwani sauti hukimbia karibu mita 350 kwa sekunde. Chukua bomba la sentimita 25: linafuta vizuri sauti za ubavuni kuanzia takriban hezi 1400 (yaani mitetemo 1400 kwa sekunde) kwenda juu, maana hapo wimbi moja lina urefu sawa na bomba. Muungurumo wa hezi 100 una wimbi la mita tatu na nusu. Huo bomba haliuwezi. Inabaki kapsuli yenyewe kupambana nao.

Kwa hiyo kule mnadani pa samaki, kunguru na makelele ya wanadi hupungua sana, ilhali ngurumo ya injini ya mashua inaendelea kusikika.

Sasa ingia kwenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, zenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Humo sauti ya mzee inagonga ukuta, dari na sakafu, kisha inarudi kwenye maiki kutoka kila upande. Bomba linafuta sehemu nyembamba ya mwangwi huo na kuiacha nzito, tena bila mpangilio, kwa hiyo mzungumzaji anasikika kana kwamba yumo mtungini. Inauma kumrekodi mtu anayekumbuka habari za mji wake, halafu maneno yake yakafifia hivyo.

Kama mahojiano yako mengi ni ya ndani, mimi ningenunua maiki fupi ya kondensa (ile ambayo kapsuli yake huhitaji umeme) ya aina ya supakadioidi, yaani inayosikia zaidi mbele kuliko ubavuni, au hata ile ndogo ya kubana kwenye kola. Tandika mikeka na mablanketi mazito sakafuni na ukutani. Muhimu zaidi, sogea: ukitoka mita moja hadi nusu mita, sauti ya moja kwa moja inaongezeka kwa desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki palepale. Ning'iniza maiki juu kidogo ya kichwa, nje ya picha, ikielekea kifuani. Maiki iliyokaa juu ya kamera mita mbili mbele haiokolewi na bei yake.

Anayerekodi nje ndiye anayefaidi shotigani. Anunue na manyoya ya kuzuia upepo, maana kusi likivuma sponji peke yake haitoshi. Unyevu wa bahari nao husumbua kapsuli nyingi za kondensa. Sennheiser MKH 416 ya Ujerumani huuvumilia zaidi kwa sababu kapsuli yake hufanya kazi kwa masafa ya redio, ila ni ghali na inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kamera au kinasa sauti. Kamera isiyotoa volti hizo, tafuta maiki inayokubali betri, kama MKE 600, ambayo hutumia betri moja ndogo ya AA.